Nyama ya Kasa: Tuache Kujificha Nyuma ya "Halali ya Bahari"

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, kuna maneno yamekuwa mepesi sana midomoni mwetu sisi watu wa visiwa vya Komoro, na ndugu zetu wa Pemba na pwani yote wanayajua. Mtu akiambiwa kwamba kasa amelindwa na sheria, hauawi, haliwi, wala mayai yake hayachukuliwi, hujibu haraka haraka: "Cha bahari ni halali. Mungu kakihalalisha, nani wa kukiharamisha?" Akishasema hivyo anaona mjadala umekwisha, na wewe uliyemkataza ndiye unayetakiwa utubie! Leo nataka kuyajibu maneno hayo, na nitayajibu kwa ukali kidogo, kwa sababu yameshatuzikisha watoto.

Tuanze na hao watoto. Mwezi wa Machi 2024, siku chache tu kabla ya Ramadhani kuingia, katika kisiwa kidogo cha Panza kule Pemba, watu walipika nyama ya kasa wakala. Walikufa watoto 8 na mtu mzima mmoja, na huyo mtu mzima alikuwa mama wa mmoja wa watoto waliotangulia. Wengine 78 walilazwa hospitali. Ndugu msomaji, simama hapo kidogo. Nyumba ziliingia katika mwezi wa rehma zikiwa na matanga!

Wala halikuwa jambo jipya. Novemba 2021, Pemba hiyo hiyo, walikufa watu 7, mmoja wao mtoto wa miaka 3, na wakubwa wa huko wakapiga marufuku kuliwa kasa. Mwaka huo huo wa 2021 jirani zetu wa Madagascar walizika watu 19 kwa nyama ya kasa, na 9 kati yao walikuwa watoto. Kwa hiyo aliyepika Panza mwaka 2024 alipika baada ya miaka miwili na kitu tangu majirani zake wafe, na baada ya marufuku. Kwa nini? Kwa sababu palikuwa na jibu tayari, lile lile: halali ya bahari.

Na akina mama wanaosoma hapa naomba waelewe sumu hii ilivyo, maana nasikia watu wakisema "hao hawakujua kupika". Si kweli! Sumu hii haitokani na nyama iliyooza wala sufuria chafu. Wataalamu wanaona kwamba kasa huikusanya mwilini mwake kutokana na anavyokula baharini, hasa aina fulani za mwani, na yeye mwenyewe haimdhuru. Ng'amba ndiye anayetajwa zaidi, lakini aina nyingine nazo zimeshaua watu. Huioni kwa macho, huisikii kwa harufu wala kwa ladha. Haitoki kwa kuchemsha, haitoki kwa kukaanga, haitoki kwa ndimu wala kwa kukausha juani. Dawa yake maalumu haipo. Daktari atamtia mgonjwa maji na kumsaidia apumue, basi. Jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba mama anayenyonyesha akila, sumu hupita kwenye maziwa. Wameshaugua na kufa watoto wachanga ambao nyama hiyo haikugusa midomo yao. Utasema leo kasa niliyekula hakunidhuru. Ndiyo, kasa kumi wanaweza wasikudhuru. Wa kumi na moja ndiye anayekuja kuchukua mtoto.

Haya, sasa twende kwenye hiyo "halali ya bahari" yenyewe, kwa sababu mimi ni mwalimu wa chuo (huku kwetu tunaitwa mafundi, na tunaowafundisha twawaita wanafunzi hata wakiwa na ndevu), na hapa ndipo ninapoudhika zaidi. Mtu ambaye hajui sharti za udhu atakusomea kwa ufasaha aya ya 96 ya Suratul Maidah, ile inayohalalisha mawindo ya baharini. Aya ipo, na hakuna Muislamu anayeipinga. Swali ni je, kasa anaingia humo moja kwa moja kama changu na jodari?

Sisi wa visiwa hivi ni Mashafii. Hata Katiba yetu ya mwaka 2018 imeandika kwamba dini ya dola ni Uislamu wa Sunni kwa madhehebu ya Shafii. Basi tufungue vitabu vyetu wenyewe. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho makadhi wa visiwa hivi wamehukumia kwacho vizazi na vizazi, anaweka kanuni kwamba mnyama anayeishi nchi kavu na baharini pia ni haramu kuliwa, na anatoa mfano wa chura, kaa na nyoka. Wakaja wafafanuzi wakubwa wa Minhaj, Ibn Hajar al-Haytami, Khatib Shirbini na Shamsuddin Ramli, wakamtia na kasa katika hukumu hiyo hiyo. Hawa ndio wanaotegemewa katika madhehebu yetu. Nani katika wale wanaopiga kelele za halali aliyewahi kuifungua Tuhfa au Nihaya katika mlango wa vyakula?

Sitaki kuwaficha kitu. Nawawi huyo huyo katika Majmuu ana kauli pana zaidi, kwamba vya baharini vyote ni halali isipokuwa chura, na kwamba waliomtaja kasa walikusudia asiyekuwa wa bahari. Wamaliki nao wamepanua. Mahanbali wamemruhusu kwa sharti achinjwe. Mahanafi kinyume chake wamebana, hawali cha bahari isipokuwa samaki. Kwa hiyo ni suala lenye khilafu, na mwenye elimu akifuata kauli ya pili simtukani. Lakini wewe ndugu yangu si mfuasi wa kauli ya pili! Wewe katika swala ni Shafii, katika ndoa ni Shafii, katika mirathi ni Shafii, na ukiona kasa mchangani usiku ghafla unakuwa Maliki! Huo si ufuasi wa maimamu, hiyo ni njaa iliyovaa kilemba.

Lakini mimi sitaki kushinda kwa mlango huo peke yake. Chukua kauli iliyo nyepesi kuliko zote. Sema kasa ni halali kama dagaa. Je, imekwisha? Haijakwisha hata kidogo. Halali inaweza kuzuiliwa kwa wakati, kwa mahali na kwa maslaha ya watu, na anayeivuka mipaka hiyo akawa muasi ingawa kilichomo chunguni ni halali.

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la juu aliniuliza: "Fundi, serikali ina haki gani ya kunizuia alichoruhusu Allah?" Swali zuri, na nilifurahi ameuliza badala ya kunung'unika nje. Nilimwambia afungue Suratul A'raf aya ya 163, kisa cha watu wa mji wa pwani. Walikuwa wavuvi kama sisi. Samaki ni halali kwao siku zote, isipokuwa siku ya Jumamosi. Na Allah akawajaribu: siku ya Jumamosi samaki wanakuja juu juu wanaonekana, siku nyingine hawaji. Wale watu hawakusema samaki ni haramu au si haramu. Walitafuta ujanja, na ujanja wao ukawaangamiza. Sasa niambie, alichokula yule mtu wa Jumamosi kilikuwa nini? Si samaki tu, samaki halali? Tatizo halikuwa samaki. Tatizo lilikuwa mkono uliovuka mpaka.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema lakini ule mpaka uliwekwa na Allah, huu umewekwa na wizara. Kweli, na tofauti hiyo ipo. Lakini wanavyuoni wetu wamesema wazi kwamba kiongozi akikataza jambo la mubaha kwa maslaha ya kweli ya raia, ni wajibu kumtii, maana kumtii katika wema ni katika kumtii Allah, na kanuni yao ni kwamba maamuzi ya kiongozi yanapimwa kwa maslaha ya watu. Mtume (s.a.w.) aliutangaza mji wa Madina kuwa mahali patukufu, miti yake haikatwi na wanyama wake hawawindwi. Alitenga malisho ya Naqii kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na mtu binafsi hakuruhusiwa kupeleka wanyama wake. Majani ya Naqii yalikuwa haramu? Hapana, ni majani! Yalizuiliwa kwa maslaha. Huku ndiko wanavyuoni wakakuita hima, na leo watu wanaita hifadhi. Jambo letu wenyewe tunaliona geni kwa sababu limerudi kwetu limeandikwa Kifaransa.

Na kabla sijatoka kwenye Suratul Maidah, ninyi mnaoipenda aya ya 96, rudini aya mbili nyuma, someni ya 94. Hapo Allah anawaambia waumini kwamba atawajaribu kwa mawindo ambayo mikono yao na mikuki yao inaweza kuyafikia, ili ajulikane nani anamuogopa kwa ghaibu. Najua, aya hiyo inahusu walio katika ihramu, na simpeleki mtu Makka kwa nguvu. Lakini angalieni jinsi mtihani ulivyo: mnyama amekaribia, mkono unamfika, na hakuna anayekuona. Kasa jike anapanda ufukweni usiku, mzito, polepole, hawezi kukimbia, hawezi kuuma. Mkono unamfika. Mlinzi hayupo. Wewe na Mola wako tu.

Sheria yenyewe inasemaje? Nchi yetu ina sheria mama ya mazingira ya mwaka 1994, na mwaka 2001 ikatolewa amri ya wizara inayoorodhesha wanyama na mimea ya porini wanaolindwa katika visiwa vyetu. Kasa (ambaye sisi wa Ngazija tunamwita nyamba) yumo. Nguva yumo. Yumo gombesa, yule samaki wa kale wa vilindi aliyeifanya Komoro ijulikane duniani. Wamo komba wetu. Yumo popo mkubwa wa Livingstone, ambaye Allah hakumuweka mahali popote duniani isipokuwa Nzuwani na Mwali, na anayezidi kukosa pa kulala kwa sababu misitu ya mlimani inakatwa kwa mashamba na kwa kuni za kutengenezea mafuta ya mlangilangi, na watu wa Nzuwani wanajua vizuri mito mingapi imekauka nyuma ya miti hiyo. Hilo nalo lina siku yake, nikipewa nafasi hapa tena. Nje ya mipaka yetu, kasa wote wa baharini wamo katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, yaani hauzwi wala hanunuliwi kati ya nchi na nchi. Na kule Maore, ambako inatumika sheria ya Ufaransa, anayeua kasa anaweza kufungwa mpaka miaka 3 na kutozwa faini mpaka euro 150,000. Pamoja na hayo yote, bado kule zinasikika karamu za wanaume pwani ambazo kitoweo chake hakitajwi jina.

Hapa ndipo linapotoka neno la pili: "Haya mambo ya wazungu, wanawapenda kasa kuliko watu." Nimelisikia barazani, nimelisikia kwenye mashua, nimelisikia hata msikitini baada ya swala. Basi nendeni Itsamia mkawaulize wenyewe! Itsamia ni kijiji cha Mwali, Waislamu watupu, wavuvi na wakulima, na fukwe zao ni katika zile zinazopandwa na kasa wengi zaidi katika upande huu wa Bahari ya Hindi. Watu wa Itsamia walianza kuwalinda kasa wao tangu miaka ya 1990, kwa chama chao cha kijiji, kabla hata hifadhi haijaandikwa kwenye karatasi. Hifadhi ya Bahari ya Mwali ilianzishwa Aprili 2001, ya kwanza katika nchi yetu, na haikuanzishwa kwa kuwafukuza watu bali vijiji 10 vilikaa na serikali vikakubaliana nini kiruhusiwe na nini kisiruhusiwe. Mwaka 2002 ilipewa tuzo ya kimataifa ya Equator. Mwaka 2015 ikapanuliwa ikawa hifadhi ya taifa, na mwaka 2020 UNESCO ikakiingiza kisiwa cha Mwali katika orodha yake ya hifadhi za uhai. Wazungu walisaidia fedha na vipimo, sikatai. Lakini anayekesha ufukweni usiku na tochi ni kijana wa Kiislamu anayeitwa Ali au Abdou, na anayekuja na panga kwa mashua kutoka kisiwa cha pili naye ni Muislamu. Hapo mzungu yuko wapi? Ni sisi kwa sisi!

Wapemba nao wana mfano wao, na natamani ungejulikana zaidi kuliko msiba wa Panza. Magharibi ya Pemba kipo kisiwa cha Misali. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akataka msala wa kuswalia, haukupatikana, akasema basi kisiwa hiki kilichoelekea kibla kitakuwa misali ya msala. Ukweli wa kisa hicho Allah ndiye ajuaye. Lakini mwaka 1998 Misali ilifanywa hifadhi, na wavuvi wengi hawakuijali sheria, mpaka mwaka 1999 na baada yake, masheikh na maimamu walipoketi na wavuvi wakawasomea Qur'ani kuhusu amana ya ardhi na bahari. Inaelezwa kwamba hapo ndipo mioyo ya wengi ilipogeuka, hata katika suala la kuvulia baruti. Yaani karatasi ya serikali ilishindwa, mimbari ikaweza. Nikisoma habari hiyo naona fahari, halafu naona aibu, kwa sababu tangu nianze kuhudhuria Ijumaa nikiwa mtoto, na sasa nimeshapita miaka arubaini, hotuba niliyosikia juu ya kasa ni moja tu, na hiyo ilikuwa ya kuhalalisha.

Basi maimamu na mafundi wenzangu, tunaogopa nini? Tunaogopa tusiitwe watu wa mashirika? Tunahutubu juu ya urefu wa suruali na tunanyamaza juu ya chakula kinachoua mtoto na kuvunja ahadi ya kijiji! Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kudhuru na kudhuriana. Hadithi hiyo wanafunzi wetu wanaihifadhi katika Arubaini ya Nawawi wakiwa na miaka kumi. Wanaihifadhi, lakini hatuwaambii inaingia chungu gani.

Kuna jambo jingine, na hili naomba wenye moyo mwepesi wavumilie. Kasa anauawa vipi? Mwenye panga humngoja jike atoke majini, achimbe shimo, aanze kutaga. Hapo hakimbii tena. Humgeuza chali. Kasa chali hawezi kujigeuza mchangani. Humkata nyama akiwa bado anapumua, huchukua anachoweza kubeba, na kuacha gamba na matumbo na mayai yaliyokuwa hayajatoka. Asubuhi watu wa kijiji wanakuta gamba. Sasa niambieni, enyi mnaosema halali: kwa kauli ya Mahanbali sharti achinjwe, hapa hakuna kuchinja. Kwa kauli ya wanaosema ni kama samaki hahitaji kuchinjwa, sawa, lakini Mtume (s.a.w.) ametuamrisha ihsani katika kila kitu, mpaka katika kuua, mpaka kisu kinolewe ili mnyama apumzike. Amewalaani wanaomkata kiungo mnyama aliye hai. Masahaba walipochukua makinda ya ndege na mama akawa anapiga mbawa kwa huzuni, alitaka kujua nani aliyemtia majonzi kwa watoto wake, na akaamrisha warudishiwe. Hayo ni makinda mawili! Huyu ni mama aliyeuawa katikati ya uzazi. Hakuna imamu yeyote, wa madhehebu yoyote, aliyelihalalisha hili la kumkata mnyama hai na kumwacha. Hapo hakuna khilafu ya kujifichia.

Na hesabu yenu ni mbovu pia. Kasa wa kawaida hachukui mwaka mmoja au miwili kama mbuzi ndipo azae. Anachukua miaka 20, 30 na zaidi ndipo apande ufukweni kutaga. Akishafika hapo hatagi kila mwaka, hupumzika miaka kadhaa. Shimo moja huwa na mayai kama 100 hivi, yanakaa mchangani karibu miezi miwili, na katika watoto elfu wanaokimbilia majini pengine mmoja tu ndiye atakayekuja kuwa mkubwa. Jike hurudi kutaga katika eneo alikozaliwa. Kwa hiyo jike unayemkata Mwali leo amezaliwa huko huko, pengine kabla wewe hujaoa, na wa kushika nafasi yake lazima awe ameshazaliwa miaka mingi iliyopita na ameokoka. Ukimuua mbuzi, mwakani unaye mwingine. Ukimuua huyu, mjukuu wako ndiye atakayeuona upungufu.

Nimeshaonyeshwa kwenye simu habari ya Oktoba 2025, kwamba Shirika la Kimataifa la Uhifadhi, IUCN, limemtoa kasa wa kawaida katika daraja la walio hatarini. "Umeona fundi? Wamekuwa wengi, tuleni!" Subhanallah. Wamekuwa wengi kwa sababu gani? Kwa sababu fukwe zililindwa miaka hamsini, na watu kama wa Itsamia wakakesha. Idadi yao duniani inakadiriwa kupanda kwa asilimia 28 hivi tangu miaka ya 1970. Na ng'amba, ambaye ndiye mwenye sumu zaidi, bado yuko katika daraja la hatari kubwa kabisa. Mgonjwa akipata nafuu kwa dawa, ndiyo umnyang'anye chupa? Wala amri ya 2001 haikufutwa na tangazo hilo. Sheria ya nchi ni ile ile.

Najua kuna njaa. Sitaki kuandika kama mtu ambaye hajawahi kuona nyumba isiyo na kitoweo. Bahari imekuwa ngumu, mafuta ya mashine ghali, samaki wako mbali. Mwenye dharura ya kweli fiqhi ina mlango wake, na dharura ni ya kufa, si ya kuchoka mchicha. Lakini tusidanganyane: anayekuja usiku kwa mashua yenye mashine, amenunua petroli, ana mtu wa kumpigia simu mjini, huyo si mwenye dharura. Huyo ni mfanyabiashara. Na mnunuzi wake ni mtu mwenye mshahara, anayepokea nyama iliyofungwa kwenye mfuko mweusi mlangoni, anayependa kusema kwamba nyama hii ni ya wazee wetu. Wazee gani? Katika vijiji vingi vya visiwa hivi wazee walijiepusha na nyamba kwa sababu hiyo hiyo ya Minhaj! Ukiondoka wewe mnunuzi, panga linabaki nyumbani. Kwa hiyo maneno yangu makali zaidi ni kwako wewe mwenye mfuko mweusi kuliko kwa yule kijana wa mashua, na kama wewe ni mzazi wa mwanafunzi wangu, basi umesikia.

Na nyinyi mliopewa kazi ya kuilinda sheria, msimkamate kijana usiku mkamwachia asubuhi kwa simu ya mkubwa. Watu wanaona. Kijiji kinachokesha bila malipo kikiona hivyo mara mbili, mara ya tatu kitalala.

Kwa familia nina neno la mwisho, na hili halina khilafu wala mjadala. Ikiwa nyama hiyo imeshaliwa nyumbani, iwe kwa kutokujua au kwa ukaidi, usingoje dalili na usingoje alfajiri. Kutapika, kuwaka moto mdomoni na kooni, vidonda vya ulimi, usingizi mzito usio wa kawaida, vinaweza kuja baada ya saa chache au baada ya siku kadhaa, na mtoto hutangulia kabla ya mkubwa. Mpelekeni hospitali wote waliokula, na mama anayenyonyesha apelekwe pamoja na mtoto wake hata kama mtoto anacheza. Na mkifika, semeni wazi: tumekula kasa. Msiseme samaki. Najua mtaogopa kwamba kuna polisi na faini, kwa kuwa mnyama huyu analindwa. Faini italipwa. Daktari akidanganywa atatibu kitu kingine, na muda unapita.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.